Zamu ya Beki wa Kushoto

Mama yangu hakuwahi kuielewa kazi yangu, na hakuona haya kusema hivyo mbele ya wageni. Wakimuuliza msichana wako siku hizi anafanya nini, aliwajibu kwamba nakaa mezani kutwa nikibishana na kompyuta, na kwamba kompyuta ndiyo hushinda. Nilikuwa nikikasirika. Mimi nina hasira za karibu, nimezirithi kwa baba, na watu wa Kiamunyi, mtaani kwetu, wananijua hivyo. Leo nikikumbuka nacheka, kwa sababu alikuwa anasema kweli, na kwa sababu bila yeye ile apu yangu ingekufa ikiwa changa.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Nairobi baada ya kampuni niliyokuwa nikiiandikia programu kupunguza watu. Nikapewa chumba changu cha zamani, lakini mtandao ulikataa kushika mle ndani, kwa hivyo nikahamia kwenye meza ya kulia chakula, karibu na dirisha linalotazama banda la kuku na, mbali nyuma yake, ukingo wa kreta ya Menengai. Nilitengenezea shule na maduka ya vifaa tovuti zao, nipate ya mboga. Saa zilizobaki zilikuwa za apu, na hakuna aliyenisaidia kuiandika. Kila kitufe kilichokuwa mle ni mimi niliyekiweka, na kila kilichoharibika ni mimi niliyelaumiwa.

Apu yenyewe si kitu cha kuumiza kichwa. Kuna ule mchezo wa fantasi ambao vijana wa Nakuru wanaujua wote: unajifanya meneja, unachagua wachezaji halisi wa ligi za Ulaya, wakicheza vizuri wikendi unapata pointi, wakiboronga unanuna mpaka Jumatano. Niliucheza miaka mingi nikiwa Nairobi. Siku moja nilimwangalia ndugu yangu akifunga kamba za viatu vya mpira kwenye ngazi ya jikoni, nikajiuliza kwa nini najua goti la mtu wa Ulaya linauma upande gani, na sijui kama kipa wa kwetu amepona kidole. Nikaamua kutengeneza fantasi ya ligi yetu wenyewe, ile inayochezwa Jumapili alasiri watu wakishatoka kanisani, katika viwanja vya shule za Kiamunyi, Kaptembwo na mitaa mingine inayouzunguka mji. Wenzangu wa Nairobi walisema nimerogwa. Mimi nikasema mcheza kwao hutunzwa, nikakata simu.

Ndugu yangu huyo ni mdogo wangu, fundi wa kuchomelea mageti, na alikuwa beki wa kushoto wa timu ya Kiamunyi. Inafaa nimweleze vizuri, maana hadithi hii ni yake. Tangu baba afariki alikuwa amegeuka mtu wa maneno machache. Ungemuuliza habari ya kazi angesema poa. Ungemuuliza kama ameshiba angesema sawa. Alikula, akaosha sahani yake, akaingia chumbani, na nyumba ikabaki na mlio wa friji. Lakini Jumapili, akishavuka ule mstari wa chokaa, alikuwa mtu mwingine kabisa. Alipanga wenzake kwa kelele, alimfokea kipa, alimwambia winga apande na kiungo ashuke, na sauti aliyotumia ilikuwa ya baba, ile ile ya kuita watu waliokuwa mwisho wa shamba. Mama miguu yake haimfikishi uwanjani. Jumapili hizo alitoa kiti nje, akakaa akiambua njegere, na upepo ukivuma kutoka upande wa shule alimsikia mtoto wake kutoka huko aliko. Hakuuliza matokeo. Alikuwa akisema tu, "Yuko," kisha anaendelea na njegere zake.

Toleo la kwanza la apu lilikuwa aibu tupu. Nilikuwa nimeiga zile za Ulaya, ambako jezi namba kumi ni mtu mmoja kuanzia mwanzo wa msimu hadi mwisho. Nilisahau ninakotoka. Ligi yetu timu ina jezi za kutosha walio uwanjani na kidogo za ziada, basi. Anayetoka huivua pale pale kando ya mstari, na anayeingia huivaa ikiwa bado na jasho la mwenzake. Yule aliyewekwa na timu kunitumia matokeo aliandika namba kumi amefunga, na apu ikampa pointi straika ambaye wakati huo alikuwa ameshavaa sweta yake, anakula mahindi ya kuchoma.

Na sisi watu wa Nakuru hatuandiki malalamiko kwenye simu, ati tuweke nyota moja halafu tulale. Tunakusimamisha njiani. Msusi wangu alinieleza kosa hilo huku amenishika nywele, kwa hivyo sikuwa na pa kukimbilia. Mwenye boda alizima pikipiki katikati ya safari akataka kwanza tuelewane kuhusu straika wake. Mathe mmoja wa sokoni, ambaye sikujua hata ana simu, alikataa kunipimia viazi mpaka niahidi kwamba nitarekebisha. Nilirudi nyumbani nimefura, nikaitupa mikoba, kisha nikakaa nikairekebisha. Nikaondoa namba, nikaweka picha ya uso wa kila mchezaji, na anayetuma matokeo akawa anabonyeza nani ametoka na nani ameingia. Nimefanya kazi na wakaguzi wa programu wenye shahada zao, na sijaona ukaguzi kama ule. Nawashukuru wote, hata yule wa boda, ingawa siku ile nilichelewa nilikokuwa nikienda.

Baada ya hapo mambo yakaanza kunyooka. Watu wakawa wanaipakua hata mitaa ambayo sikuwa nimepeleka habari. Ukipita kwenye kinyozi Jumatatu ungesikia mabishano kuhusu pointi, na wanaobishaniwa ni vijana wanaokaa nyumba ya pili. Nilitembea nimevimba kichwa, nakubali.

Sasa, fantasi zote nilizozijua zina bei. Kila mchezaji ana bei yake ya kujifanya, na meneja hupewa mfuko wa kujifanya, ili asiwachukue mastaa wote peke yake. Mameneja wakimnunua mtu kwa wingi bei yake inapanda, wakimuuza inashuka. Mimi nikaiandika hesabu hiyo vizuri sana, nikajipongeza kwa chai. Halafu ikaja Jumapili moja ya mvua, uwanja umekuwa matope, mpira ukateleza, ukamgonga ndugu yangu kwenye goti na kuingia kwenye goli lake mwenyewe. Ni jambo linaloweza kumpata yeyote. Lakini kabla hajafua jezi mameneja walikuwa wameanza kumuuza, na walivyozidi kumuuza ndivyo bei ilivyoshuka, na ilivyoshuka ndivyo wengine walivyoogopa kubaki naye. Katikati ya wiki alikuwa ndiye mchezaji wa bei ya chini kuliko wote kwenye ligi, chini hata ya kipa wa akiba aliyekuwa ameenda chuo na hajaonekana uwanjani tangu msimu uanze.

Kule kwenye karakana wakampachika jina. Wakamwita Bei ya Jioni, kama zile nyanya ambazo mama mboga huzimwaga kwa bei ya kutupa anapotaka kwenda nyumbani. Wateja wakaja kuulizia geti, wakataka nalo la bei ya jioni. Mwanzoni alicheka nao. Mimi mwenyewe nilimsikia akicheka, nikadhani yameisha. Jumapili iliyofuata alibaki nyumbani. Viatu vyake vya mpira nikavikuta vimetundikwa kwenye msumari nyuma ya banda la kuku, na matope yake yamekaukia humo humo. Kocha alikuja kumuuliza, akaambiwa kazi ni nyingi. Jumapili nyingine ikaja, mama akatoa kiti chake nje, akakaa, upepo ukavuma kutoka upande wa shule, na hakusema kitu. Aliambua njegere zote akarudisha kiti ndani.

Jioni hiyo alikuja akasimama mbele ya kompyuta yangu.

"Wewe msichana," akasema, "nani alikwambia mtoto wangu anauzwa?"

Nikamweleza hesabu. Nilimweleza kwa upole kabisa, kwa jinsi ninavyojua mimi upole, kwamba si mimi niliyeishusha bei, ni programu, na kwamba programu haina chuki na mtu. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia habari za mama yake, bibi yangu, aliyechunga kondoo huko milimani enzi zake. Bibi alikuwa akiwatazama kondoo wakiingia zizini na anajua kama kuna aliyepotea, lakini hakuwahi kuwaelekezea kidole akihesabu moja, mbili, wala hakuwahi kumtajia mtu idadi ya watoto wake. Aliulizwa watoto wangapi, alijibu wapo. Kuhesabu watu ni kuwaitia balaa. Na kama kuhesabu ni vibaya, mama akasema, bei je? Hata siku ya mahari, wazee wamekaa, pombe imemiminwa, watazungumza habari za mbuzi mpaka jua litue, na hakuna mmoja atakayethubutu kusema msichana huyu bei yake ni hii. Mimi, akasema, nimeiandika kwenye simu, Nakuru nzima isome.

Hasira zikanipanda. Nikamwambia hayo ni mambo ya kale, kwamba huu ni mchezo tu, na dunia nzima inaucheza hivyo hivyo. Mama akaniuliza kama katika hiyo dunia nzima wachezaji wanarudi kula githeri nyumbani kwake. Mtu wa hasira kama mimi akishindwa hubamiza mlango. Nikaubamiza, nikatembea hadi barabarani, nikarudi. Maneno yake yalinifuata kwenda na kurudi. Kule Ulaya mchezaji hajui kama umemuuza, wala hajui kama umezaliwa. Huku umemuuza asubuhi, na mchana unampelekea mlango akuchomelee bawaba. Ile bei niliyoiga ilikuwa inafanya kazi vizuri kwa sababu ya umbali, na mimi nilikuwa nimeileta mahali pasipokuwa na umbali.

Kwa hivyo bei ilibidi iondoke. Ila kuiondoa si kufuta mstari mmoja, jamani. Bila bei kila meneja atamchukua straika wa Kaptembwo, yule mrefu anayefunga kila wiki, na kila timu itafanana, na mchezo umekwisha. Nilijaribu kuzificha tarakimu, watu wakazikisia. Nilijaribu kuwapanga wachezaji kwa madaraja, dhahabu na fedha na shaba, mama akatazama akasema hiyo ni bei iliyovaa koti. Nilijaribu bahati nasibu, msusi wangu akaniambia angetaka kuchagua mwenyewe, kama ni kubahatisha angeolewa tena. Siku zikapita. Ndugu yangu alisema poa na sawa, akaosha sahani yake, na mimi nilikaa na kompyuta inanishinda kama mama alivyowaambia wageni.

Kilichoniokoa ni chama cha mama, kile cha kuchangiana pesa na kupokezana. Zamu ya kukutania kwetu ilifika, wakaja akina mama wenzake Jumamosi baada ya chakula cha mchana, nikafukuzwa mezani na kupewa birika la chai na sinia la mandazi nizunguke. Nimekua nikiwaona, na sikuwahi kuwasikiliza. Siku ile nilisikiliza kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Walikuwa wanapanga mzunguko mpya, nani atapokea wa kwanza, nani wa pili. Yule mwenye duka kubwa anapokea mara moja, na yule anayefulia watu nguo anapokea mara moja. Ukishapokea, huna ruhusa ya kurudi mpaka kila mwenzako amefikiwa. Wengi wanataka nafasi za mbele. Ya mwisho haina mgombea, maana anayepokea mwisho amewaamini wenzake wote kwamba hawatatoweka wakishakula. Mama akasema ya mwisho apewe yeye, kama kawaida yake, na wakamshukuru kama kawaida yao.

Birika likanibaki mkononi. Mama mmoja akanikumbusha kwamba kikombe chake hakijijazi chenyewe.

Zamu. Si bei, ni zamu. Nikaiandika wiki ile ile, na mzunguko wa pili wa ligi ulipoanza nikaachilia toleo jipya. Hakuna bei hata moja. Kila wiki meneja anachagua wachezaji watano, mmoja wao anamfanya kapteni na pointi zake zinarudufiwa, na ukishamchagua mtu mara moja basi, umempa zamu yake, humrudii tena mpaka msimu uishe. Mtumie straika wa Kaptembwo ukitaka, lakini fikiria vizuri ni wiki gani. Wakalalamika, bwana. Wengine waliifuta apu mbele ya macho yangu ili nione. Lakini baada ya wiki chache mastaa wakawaishia, na hapo likatokea jambo ambalo sikulipanga wala nisingeweza kulipanga. Watu wakaanza kuwatafuta wale wengine. Vijana wa Kiamunyi walishuka Kaptembwo kutazama mechi isiyowahusu, ili wamjue kiungo wa pale kabla ya kumpa zamu. Watu wa Kaptembwo wakaja kwetu. Msusi wangu, ambaye zamani alijua mastraika tu, akawa ananieleza habari za mabeki wa mitaa ambayo hajawahi kuishi. Kipa wa akiba alirudi likizo kutoka chuo akashangaa anapungiwa mkono. Kila mtu kwenye ligi ile alikuwa na mahali alipochaguliwa, na sijui kama nimewahi kutengeneza kitu kingine nikafurahi vile.

Ila apu ilipona, ndugu yangu hakupona. Nilimwambia bei zimeondoka, hakuna mtu atakayeziona tena. Akasema, "Sawa, siste," akaendelea na chai. Viatu vilibaki kwenye msumari. Nilikuwa tayari kuitoa apu yote kama ingerudisha kelele zake, nikamwambia hivyo, akanitazama kwa huruma, akaniambia nisiwe mjinga.

Karibu wakati huo mama akataka timu. Alinishangaza. Nikampa simu yangu ya zamani iliyopasuka pembeni, nikamwonyesha, na nilipotaka kumwonyesha tena akanifukuza. Alikuwa na njia yake ya kuchagua ambayo sijaiona kwenye hesabu yoyote. Alimchagua winga kwa sababu anamjua mama yake. Alimchagua kipa wa Kaptembwo kwa sababu siku moja alimbebea gunia la mahindi kutoka stendi, akakataa asante. Kiungo fulani hakumpa zamu hadi mwisho kwa kuwa hasalimii watu. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, alikuwa mahali pake katikati, na pointi zenyewe hakuziangalia. Nilimtania kwamba zawadi ya mshindi wa msimu ni kupelekwa Kikopey kula nyama choma, na kwa mwendo huu atakula kabichi. Akasema meno yake hayaitaki nyama ya Kikopey. Niliona pia kwamba wiki baada ya wiki hamchagui mtoto wake mwenyewe. Nikadhani ni kwa kuwa hachezi, na asiyecheza anakupa sufuri. Sikumuuliza.

Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa nyumbani, Kiamunyi na Kaptembwo. Mwanzoni mwa wiki hiyo, asubuhi, tulikuwa jikoni sote watatu. Ndugu yangu amesimama anakunywa chai kabla ya kwenda karakana, mimi nakaanga mayai, mama amekaa na simu yake kwenye mapaja. Akaniambia simu imeharibika, inamwandikia maneno mekundu. Nikapangusa mikono nikaichukua. Haikuwa imeharibika. Alikuwa amemchagua beki wa kushoto wa Kiamunyi, akamfanya kapteni, na apu ilikuwa inamwonya kwa maneno ambayo niliyaandika mwenyewe. Nikayasoma kwa sauti kabla sijafikiri.

"Mchezaji huyu huenda asicheze. Una hakika?"

"Nina hakika," mama akasema. "Bonyeza."

Ndugu yangu alikuwa ameweka kikombe chini. "Mathe, sichezi," akasema. "Utapata sufuri."

"Nimepata sufuri nyingi katika maisha haya, na bado mnakula."

"Kuna wengine wa kuchagua."

"Wengine nimewamaliza. Nimewapa zamu zao wote." Alimtazama usoni wakati huu, na hakuwa anatania. "Wewe nimekuweka wa mwisho. Unajua mimi huchukua ya ngapi kwenye chama. Unajua kwa nini."

Mayai yakaanza kuungua, nikayageukia kwa haraka, na nilikuwa na sababu nzuri ya kuwapa mgongo kwa kuwa nilikuwa nalia. Nikasikia mlango wa nyuma ukifunguliwa. Halafu nikasikia, kule nyuma ya banda la kuku, viatu vikigongwa ukutani, kimoja baada ya kingine, kudondosha matope makavu, na kuku wakikimbia huku na huku. Mama akanyoosha mkono akabonyeza mwenyewe.

Ndugu yangu alienda mazoezini wiki hiyo. Kocha hakumwanzisha, na alikuwa na haki. Jumapili uwanja ulijaa kuliko nilivyowahi kuona, vumbi limesimama hewani, watu wa Kaptembwo wamekuja na ngoma zao. Tulifunga kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili kikiwa kimeanza, beki aliyekuwa kwenye nafasi yake akashikwa na msuli, akachechemea hadi kando, akavua jezi. Ndugu yangu akaipokea akaivaa ikiwa imelowa jasho la mwenzake. Mtu wa matokeo aliyekuwa karibu nami akabonyeza uso mmoja umetoka, uso mmoja umeingia, na picha ya ndugu yangu ikawaka kwenye simu yangu. Nilikuwa nimetazama kitu hicho mamia ya mara nikikijaribu kwenye meza ya chakula. Siku ile nikakitazama kama sijawahi kukiona.

Kwa dakika chache alikimbia tu, anajificha. Halafu wakaja watu wawili upande wake, na winga wetu amelala huko mbele, na ile sauti ikatoka. Ilitoka kubwa, imekaa siku nyingi bila kazi. Akamfokea winga, akamfokea kipa, akawapanga mabeki wenzake mmoja mmoja. Watu walicheka, mtu akapiga mluzi. Straika mrefu wa Kaptembwo alisawazisha mwishoni, hilo sitalificha, na ndugu yangu akapinga, akidai straika alikuwa ameotea, akapinga kwa urefu na kwa nguvu mpaka refa akachoka akamwonyesha kadi ya njano. Aliondoka uwanjani bado anazungumza, amezungukwa na wenzake, amesimulia bao lile mara tatu kabla hawajafika kwenye mti wa kubadilishia nguo.

Mimi nikatangulia nyumbani, nikipiga hesabu njiani. Kuingia uwanjani, pointi moja. Kadi ya njano, toa moja. Kapteni hurudufiwa, na sufuri ukiirudufu ni sufuri. Mama alikuwa nje, kwenye kiti chake, beseni la njegere mapajani. Nikachuchumaa mbele yake nikamwonyesha simu. Nilitaka aelewe kwamba sufuri hii si ya kutocheza, kwamba amecheza, kwamba imetokana na kujumlisha na kutoa, na nikaanza kumweleza ile moja ya kwanza imetoka wapi na ile ya pili imeenda wapi.

Akaisukuma simu polepole kando, akachukua njegere nyingine.

"Wacha kuhesabu," akasema. "Yuko."